Chumba cha Limi Wakati wa Rashi

Limi mwanangu,

Sasa hivi umechukua kaa la jikoni, umeandika kwenye mlango wa chumba chako KUNA MTU, herufi kubwa mpaka zimegusa bawaba, kisha umebeba ndoo ukaenda kisimani bila kunitazama usoni. Hukuubamiza mlango. Ungeubamiza ningejua la kusema. Umeurudisha polepole, kama watu wanavyourudisha mlango wa mgonjwa aliyepata usingizi.

Maneno hayo hapa kwetu tunayajua wote. Tangu rashi ya dhahabu ianze na wachimbaji wamiminike, watu wanaandika hivyo kwenye milango, kwa mkaa au kwa chokaa, ili wanaotafuta vyumba wasiwasumbue waliokwisha kulala. Hata mlango wa choo cha Mama Kundi, jirani yetu, umeandikwa, maana alisema kachoka kukuta vijana wamesimama pale wakiuliza bei yake. Lakini wewe umeandika kwa ajili yangu. Asubuhi tukinywa uji nilikuambia kwamba Nesi Veronika wa zahanati atakuja leo jioni na mizigo yake, na kwamba atakaa chumba chako. Ukaniuliza, "Mayu, likizo nitalala wapi?" Nami nikakujibu, "Kunywa uji, unapoa."

Hilo halikuwa jibu. Ulikuwa umeuliza jambo la haki, nami nikakupa uji. Ndiyo maana nimekaa hapa barazani na kalamu yako ya zamani, jua likiwa bado juu ya mihogo, nikuandikie jibu lenyewe uende nalo kesho alfajiri lori la dagaa kutoka Nkome litakapokupitia. Mkono wangu unakwenda taratibu, unajua. Darasa la nne, na kile kisomo cha watu wazima nilichosoma nimekubeba mgongoni. Ukikuta neno nimelikosea, lisahihishe moyoni mwako, usiwasomee wenzako wa bweni wakacheka.

Habari za sabuni, za kufunga sanduku, za kutokula vya njiani, sitaziandika. Jana nilipoanza kuzisema ulizimalizia mwenyewe. Nataka nikuandikie habari za vyumba. Utasema, mama gani huyu, mwanawe anakwenda sekondari Shinyanga, yeye anaandika habari za vyumba. Ngoja ufike mwisho.

Unayaona yale matuta nyuma ya nyumba unapopanda viazi? Yale hayakulimwa na mtu. Zile ni kuta. Vilikuwa vyumba vya kupangisha vya bibi yako, vimesimama mstari mmoja, kila kimoja na mlango wake, na mbele yake uwanja uliofagiwa mpaka unang'aa. Mimi nilizaliwa wakati mgodi mkubwa unafanya kazi. Watu walitoka kila upande, Wasumbwa, Wazinza, Waha, mpaka watu wa nchi nyingine ambao Kiswahili chao tulikuwa tukikiigiza tukiwa wadogo. Kota za mgodi hazikuwatosha, kwa hiyo waliobaki walikuja kwetu sisi wa pembeni. Mtu alikuwa anakata shauri la chumba kabla udongo wa ukutani haujakauka. Bibi yako alikuwa anajenga kwa wimbo. Nakumbuka kelele tu, Limi. Vyombo, redio, watoto wanachapwa, mtu anamkaripia mkewe kwa lugha tusiyoijua, na wewe mtoto unalala katikati ya kelele hizo kama uko kwenye maji ya uvuguvugu.

Halafu mgodi ukafungwa. Sikumbuki siku yenyewe, nilikuwa mdogo. Nakumbuka mabati. Watu wa hapa pembeni waliokuwa na nyumba zao walipanda juu wakaezua, wakafunga mabati kwa kamba, wakayapakia kwenye malori pamoja na watoto wao. Ukipita ulikuta nyumba zimebaki na midomo wazi. Duka lilikuwa moja kubwa, la Mhindi mmoja mpole tuliyemwita Baba Nasimu, aliyekuwa akitupa vijiti vya mdalasini tutafune. Bibi yako alimfuata akamwambia, "Na wewe? Wewe una jengo la saruji, unakwenda wapi?" Akamjibu, "Mama, duka halikai juu ya saruji. Duka linakaa juu ya watu." Akahamia Shinyanga mjini na familia yake. Lile jengo ndilo hilo sasa wanachambulia pamba.

Bibi yako hakukubali. Alisema watarudi. Kila asubuhi alifagia mbele ya vyumba vitupu, akafungua milango vipate hewa, jioni akaifunga. Alipunguza kodi, hapakuja mtu. Akasema mtu akae bure, mradi awashe moto, maana nyumba ya tope bila moshi ni chakula cha mchwa. Hapakuja mtu. Siku moja nilimwona amemshika mkono mpita njia, kijana wa watu anayekwenda zake na baiskeli, anambembeleza: "Baba, kaa hapa. Hata mwezi. Kuni nitakupa mimi." Kijana akasema, "Mama, nitakaa na nani?" Bibi yako akamwachia mkono.

Ile "nitakaa na nani" ndiyo niliyokua nayo. Mvua ziliangusha vyumba kimoja kimoja, kuanzia cha mwisho, kila masika kimoja au viwili. Tulikuwa tukisikia kinaanguka tukiwa tumelala, sauti nzito kama ng'ombe anajilaza. Bibi yako hakuinuka kwenda kutazama. Alikuwa anajua kipi.

Na shule nayo hivyo hivyo. Watoto walipungua mpaka darasa letu likawa benchi moja. Mwalimu mmoja akahamishwa, mwingine akahamishwa, wa mwisho akatuambia twende shule ya mbali. Ilikuwa mbali kweli, na mimi nilikuwa msichana mmoja njia nzima. Hapo ndipo darasa la nne langu lilipoishia. Baba yako alikuja miaka hiyo ya ukimya, akanikuta nimekaa hapa hapa barazani, akafikiri mimi ni mtu wa upole. Nilikuwa mpweke tu. Wewe ulipozaliwa, yeye akaenda upande wa Bukombe kutafuta ng'ombe, akabaki huko huko. Habari hiyo unayo. Simlaumu sana. Mahali ambapo watu wanaondoka, anayebaki anaanza kujiona mjinga.

Sasa nifike kwenye rashi, ambayo na wewe uliiona, lakini ulikuwa mdogo na ulikuwa unafurahi, kwa hiyo hukuona vizuri.

Unakumbuka mchungaji wa ng'ombe aliyeokota jiwe lenye dhahabu kule kilimani baada ya mvua. Basi. Kabla majani hayajakauka, kilima kilikuwa kimejaa mashimo, na barabarani watu wamebeba sururu na magodoro. Wa kwanza kubisha hodi kwetu alikuwa Mzee Tomasi, yule mkulima wa Ushirombo mwenye rozari shingoni, ambaye ulikuwa unamwita babu. Alisimama pale uwanjani, mzigo kichwani, akasema, "Hodi wenyewe. Natafuta chumba."

Mimi nilifanya nini? Nilifanya nilivyofundishwa. Nilikimbia nikampokea mzigo. Nikampa kigoda, nikampa maji, bibi yako akamkamata jogoo. Mzee wa watu akala, akanawa, akauliza, "Sasa mama, bei yake vipi?" Nikamjibu, "Karibu tu, baba." Niliona aibu. Mtu ametoka kula kuku wako, utamtajia bei na mafuta bado yako midomoni? Bibi yako naye akanikazia macho. Kwake yeye neno lilikuwa moja tu, ngeni, mgeni wa kukirimiwa. Zamani za mgodi watu wa kota ndio waliomletea wapangaji, kodi ilifika mkononi kwake kupitia mnyapara, hakuwahi kumwambia mtu uso kwa uso nilipe. Huyu alikuja kwa miguu yake na mzigo wake, kwa hiyo ni ngeni, na ngeni haulizwi bei wala haulizwi ataondoka lini.

Tukampa chumba cha bibi, bibi akahamia kwetu. Mzee Tomasi akamleta mdogo wake. Mdogo wake akaleta shemeji. Shemeji akaleta vijana wanaochimba naye shimo moja, nao wakawa wanalala kwa zamu, wa usiku akirudi anamwamsha wa mchana, godoro halikupata kupoa. Chumba chetu nacho kikaenda. Mwisho tukajikuta sisi watatu tunalala jikoni, kati ya mafiga na kuku waliosalia, wageni wa wageni wetu.

Mama Kundi alikuwa anapita makusudi, ananisalimu. "Mwadila, Mama Limi! Leo umepokea ngeni wa ngapi?"

"Karibu, Mama Kundi."

"Nikaribie wapi? Pa kukaa papo? Au na mimi nije na godoro unichinjie?"

"Kuku wameisha."

"Basi mchinje paka. Mwenzio nina wapangaji, wewe una wageni. Tutaona masika nani ataezeka bati."

Wewe ulicheka. Nilikupiga kofi dogo la mkono, unakumbuka? Kofi lile lilikuwa la Mama Kundi, wewe uliazimwa tu. Maana alikuwa anasema kweli. Kila mwezi kodi kijijini ilikuwa inapanda. Watu walipangisha ghala la mahindi. Mmoja aliwatoa mbuzi bandani, akapiga lipu, akapangisha, na mbuzi wakazunguka kijijini wakilia kama watoto walioachishwa ziwa. Mtu alikodi nusu ya chumba, shuka katikati. Na mimi nilikuwa na vyumba viwili vyenye watu mpaka dirishani, na chumvi naazima.

Na hapo ndipo alipokuja mwalimu wako wa hesabu. Hili sikuwahi kukueleza sawasawa. Mama aliyempangisha alikuwa amepandisha kodi kwa sababu wanunuzi wa dhahabu wanalipa, na mshahara wa mwalimu haukimbii hivyo. Alikuja hapa na mkewe, mkewe mjamzito. Hakuomba kupunguziwa chochote. Alisema, "Mama Limi, nimesikia una vyumba viwili." Nikamwonyesha. Akachungulia, akaona miguu ya watu waliolala, akasema, "Aa, samahani, una wageni." Alitamka neno lile lile. Akaomba uhamisho, mkakaa bila mwalimu wa hesabu mpaka ile likizo ndefu, na wewe ukawa unajifundisha mwenyewe kwa kuhesabu mifuko ya mawe inayoshuka kilimani.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikipalilia yale matuta. Mimi nilikosa mwalimu kwa sababu watu waliondoka. Wewe ulikosa mwalimu kwa sababu watu walikuja. Nyumba ni zile zile, kijiji ni kile kile. Watu wakipungua nyumba zinakufa, watu wakizidi wenye nyumba wanakuwa wageni, na katikati yake kuna mtoto amekaa kwenye benchi anangoja mwalimu. Sijui wakubwa wanaiitaje habari hiyo. Wewe utakwenda kuisoma, utanieleza.

Ilivyokwisha ni kwamba bibi yako alianza kukohoa kwa moshi wa jikoni. Nikaenda kwa Mzee Tomasi, mikono nyuma, nimejifunga kanga ya pili kama naenda msibani. Nikasema, "Baba, mama anaumwa. Tunaomba chumba chake." Akasema, "Mama Limi, mimi nilikuwa nangoja uniambie tangu siku ya kwanza. Niliuliza bei ukasema karibu. Kwetu mtu akijibiwa hivyo haulizi mara ya pili, ataonekana anataka kuondoka au anataka kupunguziwa. Nimekuwa nikiweka samaki na sukari mlangoni kwenu nikisema labda watapiga hesabu wenyewe." Nasi tulikuwa tukiila ile sukari tukisema, ngeni mwema huyu, ana mkono wazi! Akatikisa kichwa, akasema, "Ungeniambia kabla sijashusha mzigo, mama. Mzigo ukiwa kichwani mtu anaweza kukubali au akaenda. Ukishashuka, mmoja wenu anabaki na aibu."

Waliondoka kwa heri, walilipa walichoweza, na yule shemeji akatusaidia kukandika ukuta. Bibi yako alirudi chumbani kwake akafia humo, kwa raha, na dirisha lake wazi. Ndicho chumba chako. Ulipohamia humo baada ya matanga ulisema kina harufu ya bibi, ukakataa nisikipake chokaa.

Kwa hiyo, Limi, usifikiri nakigawa kama kitu cha njiani.

Juzi ulipokuwa umekwenda kuaga shuleni, alikuja yule mnunuzi wa dhahabu mwenye kofia ya ngozi. Alikuwa amesikia unaondoka. Hapa mtoto akichaguliwa kwenda sekondari, watu wanampongeza mama yake kwa mdomo na kupima chumba kwa macho. Akaniambia, "Mama, taja." Tu hivyo. Nitaje bei yoyote, alipe mwaka mzima mbele. Nikamuuliza atalala na nani. Akacheka, "Mimi sitafuti pa kulala. Natafuta mlango na kufuli."

Nilikaa na neno hilo siku nzima. Ningeweza kuezeka bati masika haya haya, na Mama Kundi angekosa la kusema. Lakini nilikiona chumba kile kimefungwa kufuli, hamna mtu, hamna moshi, hamna anayegeuka kitandani, na mimi upande huu wa ukuta peke yangu. Watu hapa nje wamejaa mpaka kisimani kuna foleni, lakini ni watu ambao hata jina langu hawalijui, wananiita "mama mwenye chumba." Nikasema hapana. Usidhani mama yako ni mtu mwema sana aliyekataa mali. Niliogopa. Wewe hujawahi kusikia nyumba inaponyamaza. Mimi nimeisikia tangu mdogo, na kesho lori likipita itaanza tena, na sitaki kusikia peke yangu.

Nesi Veronika analala kwenye stoo ya zahanati, katikati ya maboksi. Kitanda chake ni meza mbili. Yule wa kabla yake aliomba uhamisho kwa sababu hiyo hiyo ya vyumba, na huyu amekwisha andika barua ya kuomba, hajaipeleka tu. Ni mtu wa Bukombe, anacheka kwa sauti, anaimba nyimbo za kanisani akifua. Mshahara wake mdogo. Hatalipa robo ya alichotaka kulipa yule bwana. Lakini nikikohoa, atauliza, "Mama Limi, vipi?" Hicho ndicho ninachopangishia chumba chako, ukitaka kujua. Napangishia "vipi" moja ya jioni.

Na jambo jingine, hili ni la akili kidogo. Rashi itahama. Naiona. Vijana wameanza kuzungumza habari za kilima kingine, wanachimba hapa, macho yao kule. Siku watakapokwenda, watakwenda kama wale wa mabati, na wa kwanza kuondoka ni mwenye kufuli. Zahanati haihami. Mama Kundi amejenga vyumba vingine tena, mstari mmoja, uwanja umefagiwa, anaimba, nami kila nikimsikia nataka kwenda kumshika mkono, lakini ataniona nina kijicho. Mimi nitafyatua tofali za kuchoma, polepole, za chumba kimoja tu cha tatu, chenye msingi wa mawe. Kisije kikageuka tuta la viazi. Ninaamini nitakimaliza kabla hujamaliza shule. Hilo nalingoja kwa furaha, andika hivyo moyoni mwako: mayu ana furaha na jambo moja.

Sasa jibu lako. Likizo utalala chumbani kwako. Kitanda chako, dirisha la bibi, kila kitu. Likizo zako zote, Nesi atahamia kwangu, nitampa upande wa ukutani. Ukitaka kuleta rafiki, mlete, lakini uniambie mapema.

Lakini lazima nimwambie. Jana kwenye zahanati nilimwambia tu, "Chumba kipo, njoo." Alifurahi mpaka akaniinua juu, nikakosa pa kupenyeza neno la likizo. Leo niliahidi moyoni nitalisema kabla hajashusha mzigo, na tangu asubuhi nalirudia nikitwanga: Nesi, chumba hiki ni cha Limi, shule zikifungwa utakuja kwangu. Si maneno mengi. Wewe ungelisema umesimama mguu mmoja. Mimi nikiona mtu na mzigo kichwani, mikono inatangulia, inapokea, inakaribisha, mdomo unabaki nyuma unameza mate. Nikichelewa leo, nitachelewa likizo ya kwanza, nitakuja kukulaza jikoni huku nikicheka cheka, nikisema mgeni, mgeni, vumilia mwanangu. Najijua. Na utavumilia, hilo ndilo linaloniuma, maana ulivumilia ukiwa mdogo na hukuwahi kuniuliza mpaka leo asubuhi.

Huko uendako utakuta kitanda kwenye chumba cha wasichana wengi. Sijui mambo ya bweni. Ila ukifika, kabla hujaweka sanduku chini, kama kuna neno la kusema, liseme. Usiwe na mikono kama yangu. Kama kitanda kiko chini ya bomba linalovuja, sema. Kama mtu anakuambia lala na mwenzio na hutaki, sema na sanduku likiwa bado mkononi. Mimi nilifikiri adabu ni kunyamaza, nikaja kulala jikoni na mama yangu mgonjwa. Mzee Tomasi alikuwa na adabu, mimi nilikuwa na adabu, na wote wawili tulikuwa tunaumia kwa sukari ile.

Nisikuchoshe. Nilitaka kusema pia kwamba usiku unapolala unasaga meno, unasaga tangu mchanga, nami nimezoea kusikia kupitia ukutani, ndiyo saa yangu. Sijui nitajuaje kumekucha kesho kutwa. Hilo si la kukutia huzuni. Wasichana wa bwenini watakuambia unasaga, wakicheka waambie mama yako anasema ni

Ngoja. Kuna mtu uwanjani. Ni Nesi, ana godoro na sanduku vyote kichwani, anaita, "Mama Limi! Hodi hapa! Njoo unipokee, shingo inakatika!" Na wewe nakuona unakuja nyuma yake na ndoo yako ya maji, umesimama palepale penye mpera, unanitazama mimi, si yeye. Mikono yangu tayari inataka kunyanyuka, Limi, lakini nimeishikisha kalamu hii kwanza, na ninainuka, ninakwenda nikiwa nimeishika, mzigo ungali kichwani mwake, nami ninamwambia kwa sauti wewe ukisikia, Nesi, karibu sana, lakini chumba hiki ni cha